Mto Tana na Wenye Haki Nao

Msomaji, ukisafiri kwa gari kutoka Malindi kwenda Lamu, baada ya mwendo wa kilomita zaidi ya 100 utafika Garsen. Machoni pa mpita njia, Garsen ni mji mdogo wa njia panda: barabara moja yakwenda Witu na Lamu, nyingine yapanda kaskazini kuelekea Hola na Garissa. Abiria hushuka wakanyosha miguu, wakanunua ndizi au maembe kwa msimu wake, kisha safari ikaendelea. Wachache hukumbuka kuutazama mto. Lakini mto ndio ulioufanya mji uwepo, na habari nitakayokueleza ni habari ya mto huo na ya watu waliotaka kuutumia.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya, na urefu wake hukisiwa kuwa kilomita 1,000 hivi. Chemchemi zake zi katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Hushuka kwa nguvu penye majabali, hukata nchi kavu, hugeuka kusini karibu na Garissa, hupita Hola, na ukisha kupita Garsen huchoka na kutanda. Hapo hugawanyika mikono na maziwa, vinamasi na misitu, hata ufike baharini Kipini. Nchi hiyo ya maji na nyasi ndiyo iitwayo delta ya Tana. Kando yake mvua ni haba na ardhi ni ya miiba. Kwa hiyo ng'ombe, samaki, ndege, viboko na binadamu wote huyategemea maji yale yale.

Tangu zamani mto huu una wenyewe wengi. Wapokomo hulima kingoni. Mto ulipofurika mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa vuli, maji yaliacha tope jeusi lenye rutuba, nao wakapanda mpunga, mahindi na migomba katika unyevu uliobaki. Waorma, na Wawardei pamoja nao, ni wafugaji. Mvua ikinyesha hupeleka mifugo mbali barani. Kiangazi kikikaza hurudi deltani, kwa maana hakuna malisho mengine ya kuwaokoa ng'ombe. Njia zao za kushukia majini huitwa malka, nazo hupita katikati ya mashamba. Wako wavuvi wa maziwa na wa mlangoni mwa mto, na wako Waswahili na Wabajuni wa upande wa Kipini.

Usidhani kwamba watu hawa waliishi bila ugomvi. Ng'ombe aliyeingia shambani na shamba lililoziba malka ni kesi za kale sana. Lakini palikuwa na mahali pa kuzipeleka. Wazee wa Kipokomo walikaa katika baraza lao la gasa, na wazee wa Kiorma katika baraza lao la matadeda. Na penye shauri lililohusu pande zote mbili, wazee walitumiana wajumbe. Ukulima ulikuwa na wakati wake na malisho yalikuwa na wakati wake. Hapakuwa na karatasi, lakini palikuwa na utaratibu, na kila mwenye kuguswa na jambo alijulikana kwa jina la ukoo wake.

Swali langu katika insha hii ni moja. Serikali, kampuni au mamlaka yoyote inapofika mtoni na mipango yake, nani huulizwa? Yafaa tulifuate swali hili kwa miaka, maana jibu lake limebadilika, na mabadiliko yenyewe hayakuja kwa bei ndogo.

Twaanza Hola, mwendo wa saa chache kutoka Garsen. Katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilifungua huko kambi ya kuwazuilia watu waliohesabiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Hapo hapo palikuwa na mradi wa kumwagilia mashamba kwa maji ya Tana, na mikono iliyotakiwa kuchimba mifereji ilikuwa mikono ya watu wa kizuizini. Tarehe 3 Machi 1959 kundi la watu hao lilitolewa kwenda kufanya kazi kwa lazima. Walipigwa, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba vifo vile vilitokea baada ya wale watu kunywa maji. Fikiri, msomaji: watu wameuawa kwa marungu kando ya mto, na maji yakasingiziwa! Ukweli ulidhihirika katika uchunguzi, na habari ikatikisa Bunge la Uingereza. Mradi ule uliendelea baada ya uhuru kwa mikono ya wakulima huru, mpaka mwaka 1989, mto wenyewe ulipohama njia yake na kuziacha pampu za Hola zikitazama mchanga.

Baada ya uhuru makusudi yalikuwa bora, lakini desturi ya kutouliza haikuondoka na bendera ya mkoloni. Nchi changa ilihitaji umeme, na maporomoko ya Tana yalikuwa na nguvu za kuutoa. Bwawa la Kindaruma lilimalizika mwaka 1968, la Kamburu mwaka 1974, la Gitaru mwaka 1978, la Masinga mwaka 1981, na la Kiambere mwaka 1988. Sisemi kwamba mabwawa haya ni dhambi. Yamkini taa unayosomea imewashwa na maji ya Tana. Lakini mtu wa Garsen aliona jambo ambalo mtu wa Nairobi hakuliona: mafuriko aliyoyangoja kwa mbegu mkononi yakawa hayana uhakika, tope lenye rutuba likabaki nyuma ya kuta za zege, na upande wa Kipini maji ya chumvi yakapata nafasi ya kupanda mtoni. Waliopata faida walikuwa mbali na waliopata hasara, na hawakupata kukutana.

Mwaka 1974 iliundwa mamlaka ya kuendeleza bonde la Tana, na baadaye Mto Athi ukaongezwa katika kazi zake. Leo hujulikana kwa herufi zake, TARDA. Miaka michache baadaye ukaanza mradi mkubwa wa Bura, kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Hekta 6,700 zilikusudiwa kumwagiliwa, pamba ilimwe, na familia kutoka pande nyingi za Kenya zipewe makao. Eneo lililolimwa halikufika hata nusu ya kusudio, na gharama ya kila hekta ilipanda hata Bura ikawa mfano wa kutajwa wahandisi wanapoonyana. Walowezi walihitaji kuni, na kuni zilikuwa katika msitu mwembamba wa kando ya mto, msitu ule ule wanamoishi mbega wekundu na kima wa Tana, wanyama wasiopatikana kwingine kokote duniani. Wafugaji nao walikuta mifereji mahali walipokuwa wakipita.

Kisha likaja zao la mpunga, karibu zaidi na Garsen. TARDA, kwa msaada wa fedha za Japani, ilijenga matuta makubwa na mashamba ya mpunga deltani, upande wa vijiji kama Wema, Hewani na Kulesa. Wapokomo walikuwa wakilima mpunga katika nchi hiyo kwa vizazi vingi. Sasa walitazama mashamba yakipimwa kwa kamba ya wageni. Katika mvua kubwa za El Nino za mwaka 1997 na 1998, mto ulibomoa matuta na kilimo kikasimama kwa miaka. Mzee yeyote wa pale angaliweza kuwaambia wahandisi mto hupita wapi unapokasirika. Kumwuliza kungaligharimu kikombe cha chai.

Wakati mambo hayo yakitendeka Tana, dunia nzima ilikuwa ikijifunza somo lile lile kwa njia yake. Viwanda vilichafua mito ya Ulaya na Marekani, na watu waliokaa kando ya mito hiyo wakaanza kudai. Mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro kuzungumza juu ya mazingira na maendeleo. Mwaka 1996 Shirika la Kimataifa la Viwango likatoa kanuni yake namba 14001, inayoeleza jinsi kampuni au idara inavyoweza kuwa na mfumo wa kusimamia mazingira: itambue madhara ya kazi zake, ijiwekee shabaha, iwape watu wajibu, ipime matokeo, na isahihishe makosa bila kungoja kushtakiwa. Toleo la mwaka 2015 laitaka kila kampuni ijiulize mapema ni watu gani wanaohusika na kazi zake, nao wanahitaji nini. Watu hao siku hizi huitwa wadau. Wazee wa gasa na matadeda hawakulihitaji neno hilo; jambo lenyewe walilijua.

Hata hivyo karatasi ni karatasi. Meneja aweza kuandika kitabu kizuri cha mazingira akiwa ofisini, akapata cheti akakitundika ukutani, na mto usijue. Meneja huyo huwa na shabaha na hesabu zake. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumwambia kwamba nyasi anazoziita nchi tupu ni ghala ya ng'ombe wa kiangazi. Mtu huyo hayumo ofisini. Yumo malkani.

Kenya ilitunga Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira mwaka 1999. Sheria hiyo ilianzisha mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, na ikaamuru kwamba mradi mkubwa usianze mpaka madhara yake yachunguzwe na watu wapate kutoa maoni. Mtihani mkubwa wa sheria hiyo ulikuja Garsen.

TARDA na Kampuni ya Sukari ya Mumias zilikusudia kulima miwa deltani, katika eneo la hekta 20,000 hivi, na kujenga kiwanda. Maelfu ya kazi yaliahidiwa. Ripoti ya uchunguzi wa mazingira iliandikwa, na mwaka 2008 NEMA ikatoa leseni. Hapo ndipo wenye haki na mto waliposimama, na yafaa uone jinsi walivyokuwa wa namna nyingi. Wafugaji walisema kwamba miwa italala juu ya malisho ya kiangazi. Wavuvi na wakulima waliuliza maji mengi namna hiyo yatatoka wapi, na mbolea itakayooshwa itakwenda wapi. Wapenzi wa ndege na viumbe, miongoni mwao chama cha Nature Kenya, waliitaja delta kuwa makao ya maelfu ya ndege wa maji, na wakapinga hesabu za mradi kwamba hazikuweka bei ya samaki, malisho na maji yatakayopotea. Tena walikuwako wengine, vijana wasio na kazi na wakulima walioona mafuriko yakiwakimbia, waliotaka miwa ije. Hao nao walikuwa wadau, wala si haki kuwafuta katika hadithi kwa sababu tu upande wao haukushinda.

Shauri lilifikishwa mahakamani Malindi mwaka huo huo wa 2008, na kazi ikazuiwa kwa muda. Kesi hiyo ilipita katika vizingiti vya utaratibu. Baadaye, mwaka 2010, wakazi wa delta walifungua nyingine Nairobi kwa niaba yao na jamaa zao. Mwaka huo huo Kenya ilipata Katiba mpya. Kifungu chake cha 42 champa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 69 chaitaka serikali kuhimiza umma kushiriki katika kuyasimamia na kuyatunza. Kwa hiyo mtu wa malka, ambaye mkoloni alimwamuru na wahandisi walimpita, alikuwa sasa na sheria kuu ya nchi mkononi mwake.

Siku zile wageni wengi waliitamani delta. Serikali ya Qatar ilitajwa kwamba yataka hekta 40,000 za kulimia chakula. Kampuni moja ya Kanada ilikodi nchi kwa ajili ya kupanda jatrofa, mmea wa kutoa mafuta ya mitambo. Kampuni moja ya Uingereza iliyokusudia kulima mbegu za mafuta ilijitoa mwaka 2011, ikitaja wasiwasi wa mazingira. Kila mpango uliotangazwa ulipunguza, katika mawazo ya watu, nchi iliyobaki ya kugawana. Hofu ni mbegu mbaya kuliko zote zilizopata kupandwa Tana.

Sitaki kukuficha yaliyofuata. Mwezi Agosti 2012 vita vilizuka baina ya wakulima na wafugaji. Katika kijiji cha Riketa waliuawa watu zaidi ya 50 kwa siku moja, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi uliofuata Kilelengwani ikaungua. Hata mwanzoni mwa 2013 waliokufa walizidi 100, na maelfu walikuwa wameyakimbia makwao. Waandishi wametaja sababu nyingi: malisho, maji, siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia, silaha. Mimi siwezi kusema kwamba miwa iliua watu, wala hapana shamba la miwa lililopata kulimwa na Mumias huko. Lakini nchi ambayo hakuna ajuaye kesho itakuwa ya nani ni nchi iliyo tayari kuwaka, na kwa miaka mingi wakubwa wa mipango walikuwa wamewafundisha watu wa delta kwamba ardhi yao hugawiwa mahali pengine, na mtu mwingine, katika lugha nyingine.

Katika mwezi wa Septemba 2012, damu ikiwa haijakauka, delta ya Tana iliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima. Mwezi Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Nairobi alitoa hukumu katika kesi ya wakazi. Kiini cha amri yake kilikuwa kwamba mamlaka zinazohusika ziandae mipango ya matumizi ya ardhi ya delta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, na kwamba wenyeji washiriki kwa ukamilifu katika kuiandaa. Lisome tena jambo hilo, msomaji. Mahakama haikuridhika kwamba idara iseme imefikiri. Iliitaka ifikiri pamoja na watu.

Kazi hiyo ilikuwa imekwisha anza kabla ya hukumu, nayo iliendelea baadaye kwa mikutano katika vijiji zaidi ya 100, kwenye miji ya wakulima na maboma ya wafugaji. Wazia ugumu wake. Watu waliozikana jamaa zao mwaka uliopita waliketi kutazama ramani moja na kuonyesha kwa kidole: hapa ng'ombe hupita, hapa sisi hulima, hapa samaki huzaa, msitu huu usikatwe. Mwaka 2015 mpango wa matumizi ya ardhi ya delta ulizinduliwa, ukihusu kaunti mbili, Tana River na Lamu. Ndani yake yamo maeneo ya mashamba, ya malisho na ya hifadhi, na njia za mifugo kwenda majini. Malka, ambazo miradi mingi ilizipita kana kwamba hazipo, zilipata mstari katika ramani ya serikali.

Mumias, kwa upande wake, ilizama katika madeni huko huko magharibi kwake, na mwaka 2019 iliwekwa chini ya msimamizi wa wadai. Mara nyingine huwaza Garsen ingalikuwaje leo kama mabonde yake yangalikuwa yamefunikwa na miwa isiyo na mwenye kuivuna, na malisho yamekwisha kulimwa. Wazo hili halithibitishi kitu. Historia haina njia mbili za kupimwa. Lakini mfugaji aliyeambiwa kwamba anapinga maendeleo ana haki ya kulikumbuka.

Wala usidhani kwamba mpango umemaliza mambo. Kuuandika ni kazi moja na kuutii ni kazi nyingine. Mifugo na mashamba bado hugombana kiangazi kikizidi, na kila mpango mpya wa bwawa juu ya mto huamsha hofu za kale. Tena mpango ule una mpaka wake. Wenyeji wa delta walikaa barazani na kugawana nchi yao kwa busara, lakini mto wanaougawana huja kutoka kwa watu wasiokaa katika baraza hilo. Mabwawa yako mamia ya kilomita juu yao.

Jambo hili lilionekana wazi katika masika ya mwaka 2024. Mvua zilikuwa kubwa katika nchi za milimani, bwawa la Masinga likajaa hata maji yakamwagika, na mabwawa ya chini yake yakafuata. Maonyo yalitolewa kwa watu wa kando ya mto wahamie mahali palipoinuka. Baada ya siku kadhaa maji yakafika deltani, yakaingia katika mashamba, nyumba na barabara. Njia iliyo katika ramani kwa ajili ya ng'ombe ilifunikwa sawa na shamba lililo katika ramani kwa ajili ya mpunga, na wakulima na wafugaji wa Garsen walijikuta wamekaa juu ya matuta mamoja ya nchi kavu, wakiutazama mto upite.